Dakika ya Kumi na Moja

Alikuja Hamad Mkasha, kompyuta kaifunga kwa kanga
kama mtu aletaye mtoto wa homa.
"Inafunguka," kasema, "inacheza, zumari unaisikia,
halafu pu! Programu inajifunga, nabaki na picha ya maua.
Kila ng'ombe akigeuka.
Nawe wajua watu wa Kengeja walivyo."

Nawajua. Miaka kumi na minne barazani
kisa ni kimoja: siku ile ya mchezo wa ng'ombe,
Hamad alisimama au hakusimama?
Yeye asema alisimama, kitambaa mkononi,
pembe zikapita hapa, ubavuni, shati likachanika.
Wenziwe wanachekea ndani ya vikombe vya kahawa.
Ushahidi upo. Ila ushahidi unajizima.

Nikaanza na lile tunaloanza nalo sote:
zima, washa.
Dakika ya kumi na moja, sekunde ya nane, ikafa.
Nikaing'oa programu na mizizi yake, nikaweka mpya;
bando likaniishia katikati, nikaomba kwa Mbarouk wa duka la mchele.
Ikafa.
Nikafungua kifuniko cha chini: feni imejaa vumbi la karafuu,
wallahi harufu ilitoka kama uani kwa mama
mwezi wa mavuno. Nikapuliza, nikapangusa.
Ikafa, safari hii bila kelele.

Umeme ukakatika. Ukarudi.
Nikasema labda ni faili. Nikalihamisha kwa flashi,
nikalicheza kwenye mashine yangu, likapita hadi mwisho.
Sikutazama mchezo; fundi hutazama sekunde.
Basi faili zima. Kosa liko baina ya picha na kioo,
pale vumbi la uwanja linapotimka
na kila nukta inataka kubadilika kwa pamoja,
kadi ya zamani ikabebeshwa yote
ikaanguka na mzigo wake.
Kuna kisanduku kidogo, ndani kabisa ya mipangilio,
kina alama ya vema. Nikaiondoa.
Ndiyo hiyo tu. Siku mbili, alama moja.

Saa tano usiku nikalicheza tena, sasa kwa macho.
Ng'ombe mwekundu, kamba ndefu, wanawake wanaimba.
Hamad kijana, shingo nyembamba, anajishaua.
Ng'ombe akageuka.
Hamad hakukimbia.
Wala hakusimama: aliteleza, akakaa kitako
kama mtoto anayengoja uji.
Aliyesimama ni mwingine, kofia upande,
katokea kushoto, kitambaa kampigia ng'ombe usoni,
pembe zikampita yeye, ubavuni,
shati likachanika.
Nilimjua kwa mwendo. Kombo, kaka yake,
tuliyemzika mwaka juzi mvua ikinyesha.

Asubuhi Hamad aliniuliza toka mlangoni, hakuingia:
"Imefika dakika ngapi?"
"Imefika mwisho."
Akageuka, akatazama gari za Mkoani zikipita.
"Umeona."
"Nimeona."
Akavuta kiti. "Funga mlango. Niwekee."

Alitazama mara tatu.
Mara ya nne akagusa kioo kwa kidole,
si pale alipokaa yeye.
"Shati lile langu," kasema. "Aliliazima kwangu asubuhi ile.
Nikalidai wee, mpaka akanirejeshea na tundu lake.
Hata hakulishona."
Akacheka kidogo, kisha hakucheka.

Nikamwonyesha kile kisanduku.
"Ukirudisha alama, itakufa palepale. Nirudishe?"
Hakusema ndiyo. Hakusema siyo.
Feni ilizunguka, safi, haina harufu tena.

Alilipa elfu kumi na fungu la shokishoki,
akaifunga kompyuta kwa kanga ileile,
fundo mbili mara hii.

Nasikia barazani bado inazimika,
sekunde ya nane, ng'ombe akigeuka,
na watu wanapiga kelele, wanabishana, wanaagiza kahawa.
Dukani kwangu haijarudi.
Shokishoki zilikuwa tamu.
Maganda yake yamo kwenye pipa, chini ya meza,
na nyaya.