Bobini Sitini na Nne

Zilianza nyayo.
Jumatatu sakafu ya jiko ilikuwa pamba,
Jumatano magoti yakakataa ngazi,
na Ijumaa usiku, Matevž akinibeba hadi garini
huku theluji ikiziba madirisha ya Idrija,
sikujua mikono yangu iko wapi
mpaka nilipoitazama.

Hospitalini Ljubljana, daktari Tratnik
aliketi ukingoni mwa kitanda
kama mpangaji aliyechelewesha kodi.
Akageuza karatasi ya dawa, akachora yai.
"Ubongo," akasema. Ratili tatu,
umekunjwakunjwa ili uenee fuvuni,
shuka la watu wawili kwenye sanduku la mtoto.
Nusu ya kulia huuamuru mkono wa kushoto,
ya kushoto, wa kulia. Nyuzi hupishana njiani.
"Ndivyo inavyotakiwa," nikamwambia.
"Zisipopishana, hakuna lesi."

Nyuma, chini, akachora ubongo mdogo,
mshika mizani,
ndiye akifikishaye kikombe mdomoni bila kumwagika.

Hapo nilimkumbuka babu Anže,
miaka ishirini na sita shimoni akichimba zebaki.
Kijiko kikimgonga meno, supu ikiishia shatini,
na mtaa mzima ukimwita mlevi,
yeye ambaye hakuonja hata divai ya Krismasi.
Hakuna aliyemchorea yai.

Kisha shina la ubongo, nene kama kidole gumba:
hilo hukupumulia ukiwa usingizini.
Kalamu ikasita.
Nikaiona mashine mlangoni, magurudumu yake
yamekwisha elekezwa kwangu.

"Na hapa," akaendelea haraka, "ndani ya mifupa ya mgongo,
unashuka ugwe. Jozi thelathini na moja za neva,
kulia na kushoto. Ziingiazo kwa nyuma huleta habari:
moto, sindano, paka kapita miguuni.
Zitokazo kwa mbele hupeleka amri."
Nikahesabu: sitini na mbili.
Kitambaa cha harusi ya Jerica kilitaka bobini sitini na nne.
"Umepungukiwa na mbili," nikasema.
Alicheka mpaka muuguzi akachungulia.

"Moyo je?"
"Moyo una nyuzi zisizokuomba ruhusa,
hizi zinauhimiza, hizi zinautuliza.
Tumbo nalo lina baraza lake."

Nikamuuliza basi nani kanifunga.
Akachora uzi mmoja, mkubwa, peke yake,
na juu yake vipande vya ganda la mafuta:
maielini. Habari haitambai humo,
huruka kutoka pengo hadi pengo.
Baada ya mafua yale ya Novemba
askari wa mwili wangu, bado wana hasira,
walikosea adui, wakauvua uzi nguo.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Mimi kilikuwa kinaila nguo yenyewe.

Siku kumi na tisa mashine ilinipumulia.
Sitazieleza.

Kilichoondoka mwisho kilirudi kwanza:
pumzi, kisha shingo, kisha mabega,
na siku moja ya Machi, mvua ikichuruzika kwenye kioo,
kidole gumba kikaitika nilipokiita.
Nikakiita tena. Nikakiita siku nzima, kama mjinga.

Jerica aliniletea ule mto wa mviringo
na bobini nane tu, za kujifunzia watoto.
Pisha, sokota, pisha.
Mti ukagonga mti.
Utepe ulitoka umepinda, na tundu katikati
mahali nilipomsahau mmoja.
Akataka kuufumua. Nikamzuia.

Nyayo bado ni pamba.
Sizikaripii.
Amri ikitoka huku juu
ina safari ndefu, gizani,
na nguo yake ndiyo kwanza inashonwa.