Safu ya Bahari

Zima kwanza, Rolando.
Acha ipoe. Nimesikia vya kutosha:
inakohoa moshi mweusi kama mgeni
aliyeshuka kwenye ndege jana
na leo anataka kupanda ngazi mbio.

Hapa El Alto, mita elfu nne na ushei,
hewa ni nusu bakuli.
Gari lako lilifunzwa kula pwani, Iquique,
ambako hewa ni nzito, ya kushibisha,
na aliyelipangia mlo alijua kazi;
ila safu za hewa nyembamba alizijaza kwa kukisia,
hakudhani kuna watu wanaoishi humo.
Petroli isiyopata hewa haigeuki nguvu,
inageuka masizi. Tazama plagi zako:
nne, nyeusi, zimelowa kama tambi za koroboi.

Baba yangu, Hilarión, angeziramba.
Sitanii. Aliramba, akatema, akasema,
"Imeshiba kupita kiasi,"
akageuza skrubu ya kabureta robo, robo ya robo,
jicho moja amelifumba,
kama anayefungua mlango wa chumba alimolala mtoto.

Mimi nina kompyuta yenye ufa kwenye kioo
na waya nilioufunga kwa utepe mweusi.
Lakini skrubu ni ile ile.
Milisekunde mbili nukta nane:
ndivyo mdomo wa injekta unavyokaa wazi.
Naufunga mapema. Mbili nukta moja.
Kanyaga. Taratibu. Nimesema taratibu!
Sikia pale, elfu nne na mia tano:
njugu zinatikiswa ndani ya kopo.
Hiyo si nguvu. Hiyo ni pistoni
inapigwa ngumi kabla haijajiandaa.
Kosa langu, nimeibana mno. Irudishie tone.
Cheche zirudi nyuma nyuzi mbili.
Sasa?
Sasa.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini kibaba chenyewe huku ni kidogo.

Jumamosi utaanzia La Cumbre, kwenye theluji chafu,
ushuke hadi Yungas, kwenye ukungu na migomba,
mita elfu tatu kwa muda wa kuchemsha viazi vyetu.
Kila kona hewa itaongezeka unene
na injini itaanza kudai zaidi,
kwa hiyo nimekujazia ngazi nzima:
hamsini na saba, sitini, sabini, themanini.
Themanini na tano nimekisia, kama yule wa pwani.
Gari likisita baada ya daraja, si wewe.
Inua mguu, nisamehe, endelea.

Kisha ipo ile ya chini kabisa ya jedwali,
safu ya mia moja. Uzito wa hewa ya ufukweni.
Injini hii haina turbo; haitaifikia
mpaka nchi hii irudishiwe bahari yake,
au wewe uliuze gari.
Kila Machi tulijipanga shuleni, soksi nyeupe,
tukiidai bahari kwa tarumbeta,
Baba akisimama kando ya barabara
mikono imefichwa mfukoni kwa sababu ya grisi.
Alikufa hajaiona.

Fundi mwingine angeifuta, kwa usafi tu.
Jana usiku kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.
Namba kumi na sita, za mtu nisiyemjua,
aliyekaa humu ndani dirisha likiwa wazi
chumvi ikiingia.
Tatu nukta nne. Tatu nukta sita. Tatu nukta saba.
Nilizisoma kwa sauti.
Hewa nzito hivyo, mtu huivutaje
bila kulewa?

Nimeziacha.

Haya, mwagia boneti bia yako, na petali,
tone kwa ardhi, tone kwa kila gurudumu,
ila si karibu na sensa, nakusihi.
Boliviano mia nne. Nusu unalipa leo.
Washa.