Unyusi

Chombo chetu hakikuagizwa ng'ambo.
Ni kijiti cha meno, tone la gundi,
na unyusi mmoja uliong'olewa usoni mwa mtu.
Kwa huo tunampapasa mnyoo shingoni.
Akirudi nyuma naandika moja.
Akikaa, sifuri.

Si yule wa matumboni mwa watoto wa skuli,
anayewaleta wauguzi Wawi na vikopo vyao.
Huyu hana ubaya na mtu. Nilimwokota Mtambile
chini ya maganda ya doriani yaliyooza,
urefu wake punje ya chumvi,
mwili wake kioo: mweke chini ya darubini
uzione neva zake zi hai, mia tatu na mbili,
zote zimeshahesabiwa.
Sita ndizo za kuhisi mguso mwepesi.
Sita tu, na zinamtosha.

Siku ya kwanza ya utu uzima wake
ukimgusa huruka kama aliyekanyaga kaa la moto.
Siku ya tano, bado.
Siku ya kumi hufikiri kwanza.
Siku ya kumi na tatu namgusa, namgusa tena,
naandika sifuri,
na Shaame, mwenzangu wa zamu, anauliza: Kafa?
Hajafa. Anakula.

Ndani ya neva kazi ni ya protini,
na protini ni kama ukili: haifai kitu mpaka ikunjwe,
juu, chini, juu, kila mwaa una njia yake.
Zipo ambazo kazi yao ni kuwakunja wenzao,
makungwi wa seli:
humshika mwari mabegani, humwambia, kaa hivi.
Mnyoo akizeeka makungwi huchoka.
Ukili hujikunja ovyo, hung'ang'aniana na mwenziwe,
huwa fundo, fundo huwa rundo,
na uzi wa neva uliokuwa umenyooka
huchipuza vitawi visivyoombwa na mtu.

Usiku mmoja, saa nane, jenereta linanguruma,
niliiona neva ikifura ubavu mmoja,
ikatoa mfuko, mkubwa karibu sawa na yenyewe,
ikausukuma nje
kama mwanamke afagiaye nyumba kuipokea Ramadhani
akamwachia jirani taka mlangoni.
Jirani akazila.
Na neva ile, iliyotua mzigo wake,
ikaendelea kuhisi siku mbili zaidi ya zile nyingine.
Niliitazama mpaka shingo ikaniuma.

Mama yangu ni Bi Mgeni binti Faki.
Nusu ya maharusi wa Kiuyu wameilalia mikeka yake.
Juzi alilishika sufuria la uji likiwa jikoni
na hakuliachia.
Mimi ndiye niliyepiga kelele.
Yeye alivitazama vidole vyake kama vya mgeni,
yeye Mgeni.

Sikumwambia habari za makungwi.
Mtu si mnyoo. Daktari kasema huenda ni sukari,
huenda ni umri, akaandika vidonge.
Nilimpaka asali, nikamfunga kitambaa,
naye kwa mkono mzima akautafuta ukili wake,
akaukosa, ulikuwa gotini pake.

Hao wadudu wako, akasema, mnawagusa kwa nini?
Kwa unyusi.
Unyusi wa nani?
Wa yeyote. Wangu nimeumaliza, niangalie.

Akaniangalia. Akacheka hata kitambaa kikalegea,
akanisogezea uso:
Basi chukua wangu. Ila ni mweupe,
hautawatisha?

Nikaubana kwa kucha mbili, nikaung'oa.

A!, akasema,
na kichwa chake kikarudi nyuma.

Usiku ule, kwenye daftari,
nje ya safu zote, pembeni kabisa mwa ukurasa,
kwa penseli,
nikaandika: moja.