Bango Juu ya Kitanda

Juu ya kitanda changu, wadi ya nane, Dundee,
wametundika bango: ASIPEWE CHOCHOTE KWA MDOMO.
Nimelisoma. Wauguzi wamelisoma.
Hata mhubiri aliyekosea mlango alilisoma, akaniombea.
Kongosho peke yake halijui kusoma.

Saa moja asubuhi gari la chai hulia magurudumu
mpaka kwa Mzee Farquhar, kitanda cha pili.
Wanampakia siagi kwenye tosti,
na harufu haijatua puani sawasawa
neva ndefu ishukayo toka ubongoni,
ipitayo shingoni, ubavuni mwa moyo bila hodi,
imekwisha fika tumboni na umbea wake:
Mgeni yuko njiani! Fungueni!
Nalo kongosho, jinga la ukarimu,
linateka maji, linakoroga magadi,
mishipa inapanuka, damu inamiminika jikoni
kwa karamu isiyokuwepo.
Mimi nauma mto.

Daktari Eilidh alinichorea kwenye karatasi ya kufutia mikono:
huyu anafungua, huyu anafunga.
Huyo wa pili nilimjua kabla hajatajwa.
Ndiye aliyeamka simu ilipolia saa tisa usiku,
namba ya Korogwe,
dada akiuliza tu, "Uko macho?"
Damu ikahama tumboni kama wapangaji wanaodaiwa kodi,
vidole vikawa barafu,
kongosho likakauka, likanyamaza gizani.
Kumbe msiba hupita kwenye mishipa kwanza
ndipo ufike kwenye maneno.

Wameniuliza mara nne: pombe, kiasi gani?
Sijawahi, nasema. Dereva wa basi,
njia ya ishirini na mbili, miaka kumi na sita, hata tone.
Kalamu inasita, inaandika kitu.
Kesho watapitisha sindano mgongoni
hadi kwenye fundo la neva nyuma ya tumbo
walizime kwa — nisikilizeni vizuri — spiriti.
Mlevi wa kwanza wa ukoo wetu atakuwa neva.

Najua nitashukuru. Maumivu haya hayana adabu.
Wanasema huenda na yule mmbea akapunguza sauti,
na hilo, sijui kwa nini, ndilo linaloniuma.

Gari la chai linalia koridoni.
Mzee Farquhar ananitazama,
anafunika tosti yake kwa gazeti, kwa heshima.
Harufu inapenya kurasa za michezo.
Kule ndani, kuna aliyekwisha kutandika meza.