Mkoba

Chumba changu kiko Kisasa, juu ya duka la saruji.
Viti vitatu, boksi la tishu, feni inayokohoa.
Watu hudhani natibu mapenzi.
Mimi natazama nani anavuta kiti nyuma,
nani anabaki na mkoba mapajani
kama abiria asiyeamini kwamba amefika.

Miaka sita nilikuwa Mirembe, zamu za usiku.
Kule mtu akiumia anapiga ukuta.
Hawa wangu wa sasa wanaumia kwa adabu:
"Hatuna tatizo kubwa, daktari. Ni chumvi tu kwenye mlenda."
Naandika: chumvi.

Jumanne walikuja Ndahani na Sechelela, kutoka Hombolo,
vumbi la njiani bado limeshika nyusi zao,
zote nne rangi moja. Hilo ndilo nililoliona kwanza.
Mume alisema mkewe amenuna tangu Julai.
Mke akasema, akiiambia feni:
"Tulimzika mama Jumamosi. Jumatatu alfajiri
nikasikia mkasi shambani. Anapogoa zabibu."

"Msimu haungoji," mume akajibu.

Kimya.
Nimelipa ada miaka mingi kujifunza
kutokijaza kimya kama hicho.
Chini, mtu aliangusha mfuko wa saruji, sakafu ikashtuka.

Ndahani akavitazama viganja vyake.
"Mama yake ndiye aliyenifundisha pa kukata.
Macho mawili uyaache, la tatu ondoa.
Mimi kulia mbele za watu sikujua, daktari.
Nilijua kupogoa."

Sechelela hakumkumbatia. Hii si tamthilia.
Aliushusha mkoba, akauweka sakafuni,
akauliza, "Ule wa pembeni, karibu na kisima, uliukata?"
"Ule niliuacha."
"Mbona hukusema?"
"Hukuuliza."

Saa yao ikaisha. Walilipa kwa simu, mtandao ukagoma,
tukasimama watatu tukiingojea meseji
kama ndugu wanaosubiri chai ichemke.
Kwenye daftari nilifuta chumvi.
Nikaandika: mkoba chini. Wiki ijayo, saa nne.

Jioni, nyumbani, mume wangu alikuwa anakuna nazi.
"Siku imekwendaje?" akauliza, bila kuinua kichwa.
"Salama tu," nikasema,
nimesimama mlangoni,
mkoba ungali begani.