Kona ya Kushoto

Ilianza Novemba, chumvi ilipomwagwa barabarani.
Nikikata kushoto: tak.
Si tak-tak-tak ya vidole juu ya meza,
bali tak moja, nzito, kama goti
la mtu anayeinuka kitini.
Kulia, kimya. Nikinyoosha, kimya.

Opel hii kaniachia Mkrtich, pamoja na deni la gesi
na funguo ishirini zisizo na kufuli.
Mimi fundi wa piano. Miaka thelathini na moja
nimezunguka shule za muziki za Gyumri
nikikaza nyuzi, nikilegeza nyuzi,
nikilisikia kosa kabla ya kugusa kibao.
Gari silijui. Sauti naijua.

Majirani wakatoka, na sigara zao.
Kila mwamba ngoma huvutia kwake:
Hrant, muuza matairi, akasema ni tairi.
Suren, ambaye kwake kila ugonjwa ni ukosefu wa grisi,
akasema ni jointi ya ekseli, imekauka.
"Ipeleke uwanjani, izungushe kama punda wa kinu.
Ikilia mfululizo, ndiyo."

Nikaenda nyuma ya kiwanda cha soksi kilichofungwa,
theluji imekanyagwa hadi ikawa kigae.
Usukani mwisho, kushoto, kushoto,
mara kumi na mbili,
mbwa wa mlinzi akachoka kunifukuza, akakaa.
Tak. Kisha mzunguko mzima wa kimya. Kisha tak.

Jointi mbovu hailii hivyo, Suren.
Jointi mbovu ina mdundo, huhesabu pamoja na gurudumu,
ukiongeza mwendo nayo huongeza.
Hii haikuhesabu chochote.
Hii ilishikilia kitu, ikashikilia,
halafu ikaachia.

Hapo nikaijua, ijapokuwa jina sikulijua.
Uzi mpya wa piano ndivyo ufanyavyo:
unauvuta, nao umeng'ang'ania mbao,
unauvuta tena, umenuna tu,
halafu unaruka, na nota inapanda bila ruhusa.
Mahali fulani mle ndani
kitu kilichoumbwa kizunguke
kilikuwa kimekataa.

Jioni nikamwita Nvard, binti wa dada yangu.
"Washa. Usiende popote. Zungusha usukani tu, polepole."
Nikapiga magoti kwenye tope la barafu
nikapitisha mkono juu ya tairi, nikaikamata springi.
Ikajisokota chini ya kiganja
kama mtu anayelitafuta neno,
ikaruka.
Tak, ndani ya kiwiko changu.
"Mama mdogo, unatoka damu."
"Zungusha tena."

Gagik aliifungua asubuhi, springi kaibana kwa vyuma viwili.
"Sogea, Varsenik. Hii ikichomoka haimwachi mtu."
Nikasogea. Nyuzi nazo zimewahi kunichana shavu.
Akanitolea beringi ya juu ya shokapu:
pete iliyoliwa na chumvi, nyekundu, imeganda,
golori zake zimelala kama mbegu zilizooza.
Akabadilisha zote mbili, kushoto na kulia.
Zikizeeka huzeeka pamoja, alisema,
kisha akajisikia alivyosema, akainama kutafuta spana.

Dramu elfu ishirini na mbili, pamoja na kazi.
Nilipokuwa nazihesabu akasema, bila kunitazama:
"Mkrtich alikuja na mlio huu Machi. Nilimwambia ni beringi.
Akajibu redio yake bado ina sauti ya kutosha."

Basi ndiyo maana. Majira yote yale ya kuchipua,
nyimbo za harusi hadi vioo vinatetemeka,
na mimi kando yake, mwenye masikio ya kuajiriwa,
nikimgombeza: punguza, punguza.

Nikazima redio. Nikakata kushoto kwenye duka la mkate.
Kimya.
Kushoto tena. Kimya kinachotosha
kusikia ndani ya droo, mbele ya kiti kitupu,
funguo ishirini zikigongana,
sauti mbili zisizopatana,
moja iko chini kidogo.
Ningeweza kuzifunga kwa kitambaa.
Sijazifunga.