Bomba la Juu ya Kabati

Waraka umetoka makao makuu, Antalya,
kwa watu wanaovaa kandambili hadi Novemba:
ofisi zote zijiandae kwa majira ya baridi.
Feride akausoma kwa sauti, akacheka,
akaukunja mara nne
akazibia ufa wa dirisha la mashariki.

Sisi wa Erzurum hatufundishwi baridi.
Chumvi, magunia manne, iko nyuma ya mlango.
Sepetu mbili, moja mpini wake umefungwa waya.
Radieta tumezitoa hewa,
zikapiga chafya ya kutu
juu ya viatu vipya vya mkaguzi.

Limebaki bomba la juu ya kabati la madeni.
Mwaka jana lilipasuka usiku, Januari,
maji yakashuka daftari kwa daftari,
na kulipokucha
majina ya wadaiwa yalikuwa barafu ya buluu.
Meneja alilia.
Mtaa mzima ulikuja kutupa pole,
kila mtu tabasamu kalificha ndani ya skafu.

Leo nimepanda ngazi na blanketi kuukuu.
Anayeishikilia ni Muzaffer muuza matairi,
miezi kumi na minane hajalipa.
"Lifunge," aniambia, "ila usilibane mno.
Bomba nalo lataka kupumua."

Nikamtazama.
Akageukia dirishani, akaitazama theluji
kama mtu ambaye ndiyo kwanza aione.

Nikazungusha kamba mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Ya nne, mkono ukasita.